Nani Alibadilisha Udongo Wetu?

Kibakwe,
Jumapili, 16 Agosti 1998.

Mpendwa kaka Silvano,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba baridi ya Tunduma haijawarudishia vile vifua vya mwaka jana. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na usingizi anaupata. Maharage yameshavunwa, na malori ya vitunguu yanapita barabarani kutwa nzima yakitutimulia vumbi. Barua hii nitampa dereva wa mojawapo aitumbukize posta Mpwapwa.

Najua utashangaa kuona nimeandika kutoka nyumbani wakati shule zimefunguliwa. Nimeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Nilimwambia nina tatizo la kifamilia, naye akaniangalia tu, hakuuliza. Wewe ungeuliza. Kwa hiyo nakuomba jambo moja: isome barua hii mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukishafika mwisho, kama bado una hasira, basi unikasirikie mimi.

Unakumbuka tulivyokubaliana baada ya zile mvua za El Nino. Maji yaliingia nyumbani kwa mama, ukuta wa nyuma ukapasuka kuanzia msingi mpaka kwenye paa, na hadi leo umeegemezwa kwa magogo. Wewe ukasema hapana, mama hawezi kupitisha masika mengine huku bondeni, ajengewe kule juu kwenye mteremko, kwenye kiwanja alichotuachia baba. Ukachora ramani. Mimi nikapewa kazi ya kufuatilia kibali. Na wilayani wakaniambia wazi kwamba tangu nyumba za watu ziporomoke na mvua, mtu anayetaka kujenga mlimani lazima kwanza udongo wake upimwe.

Nilipokuja likizo ya Juni nilikuja na mtaalamu kutoka Dodoma, kijana mmoja anaitwa Castory, mpole, anayeongea polepole kama anayepima kila neno. Tulipanda naye mlimani na vibarua, wakachimba mashimo kwa sururu na beleshi: moja juu kabisa, moja katikati, moja chini karibu na jabali. Kila shimo lilitoa udongo wake, akautia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kwa kamba na kuubandika namba. Alinieleza kwamba maabara wataangalia udongo unavimba kiasi gani ukilowa, na unabeba uzito gani kabla haujaanza kutambaa. Kisha tukashuka kwa mama kunywa chai. Castory akaisifu chai, akasema kwa macho tu anaona udongo wa juu una matumaini. Akagusa udongo wa uani kwa kidole cha mguu, akaongeza, "Huu mweusi wa hapa chini ndio usiofaa kabisa, mama. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Ndiyo maana ukuta wako umekuwa hivi."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni. Akaitikia tu, "Ahaa."

Gari lililomleta Castory lilikuwa limeondoka kwenda kijiji kingine, na lilichelewa kurudi. Ile mifuko ikalala kwa mama, kwenye kile chumba cha kuwekea mahindi. Siku iliyofuata niliongozana na Castory hadi barabarani kutafuta usafiri, tukashinda huko. Tuliporudi na gari, mifuko ilikuwa palepale, imefungwa, na namba zake zimebandikwa. Tukaipakia, tukamuaga mama, nami nikarudi shuleni kwangu Kikuyu, Dodoma, nikiwa na moyo mweupe.

Kaka, majibu yalipotoka nilidhani wamekosea jina. Udongo wa mashimo yote matatu ulikuwa wa aina moja, mfinyanzi unaovimba, haufai kubeba nyumba. Kiwanja kizima kimekataliwa. Nilikupigia kutoka posta, na wewe, bila hata kupumua, ukasema basi tuuze, tumtafutie mama chumba Mpwapwa mjini. Nikuambie ukweli? Siku hiyo nilikushuku hata wewe. Nilijiuliza imekuwaje kaka, aliyekuwa na moto wa kujenga, akubali haraka hivyo. Nikakumbuka kwamba siku hizi kila mwenye mtaji anatafuta kiwanja, na kwamba biashara yako ya mpakani ina milima na mabonde. Nisamehe. Nilikuwa nimeanza kuona vibaya kila upande.

Nilimfuata Castory ofisini kwake. Naye nilimshuku, niliingia nikiwa nimejiandaa kumuuliza nani amempa rushwa. Lakini nilimkuta yeye mwenyewe amekunja uso. Alikuwa safarini wakati udongo unapimwa, na majibu aliyaona kama nilivyoyaona mimi. Alikwenda kuchukua mabaki ya ule udongo, akaumwaga kwenye sinia mbele yangu. Ulikuwa mweusi. Ndani yake mlikuwa na majivu, maganda ya maharage, na kipande cha beseni la plastiki.

Akaniambia, "Mwalimu, mimi nilichimba udongo mwekundu wenye changarawe. Huu ni wa nyuma ya jiko la mtu. Kuna mkono umeingia kwenye mifuko yangu."

Nikamuuliza mkono wa nani. Akasema hilo yeye hawezi kulijua, ila mifuko ililala kwetu.

Njiani kurudi Kibakwe nilikuwa nimeshapata jibu. Jibu langu lilikuwa mzee Matonya.

Usinicheke. Fikiri nilivyofikiri mimi. Shamba lake limepakana na kiwanja chetu. Mbuzi wake wanapita pale tangu baba alipofariki. Mkwe wake, yule mfanyabiashara, amekuwa akitafuta mahali pa kusimika mashine ya kusaga, na ndiye aliyekuuliza wewe mwaka juzi kama tunauza. Siku tunachimba, Matonya alikuja akasimama kando na fimbo yake, akatazama, akauliza swali moja tu: "Na mama yenu amekubali?" Nilipomjibu kwamba nyumba ni ya kwake, atakataaje, alitikisa kichwa akaondoka. Na juu ya hayo, jirani mmoja aliniambia kwamba ile siku tuliyoshinda barabarani alimwona Matonya akitoka nyumbani kwa mama.

Nikamweleza mama niliyoyakuta Dodoma, na kwamba namshuku Matonya. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Mikono ikasimama. Akasema, "Matonya hakufanya hivyo." Nikamuuliza amejuaje. Akasema anamjua. Nikasema, mama, mtu anaweza kumjua jirani miaka mingi asijue tamaa yake. Chakula cha jioni hakukigusa, akasema tumbo limejaa.

Basi hapo shaka yangu ikageukia upande mwingine, na hili naona aibu kuliandika, lakini nimeahidi kukueleza yote. Kila asubuhi Matonya anapita kwa mama. Hakai, anapiga hodi, anauliza ameamkaje, anamchotea maji, anaondoka. Nikasikia kanisani kwamba Jumapili huwa wanakuja pamoja, Matonya mbele, mama nyuma ameshika ncha ya fimbo yake. Aliyenieleza alicheka kidogo. Mimi sikucheka. Mzee yule ni mjane, mama ni mjane. Nikaanza kumwazia mama mambo ambayo binti hapaswi kumwazia mama yake: kwamba wamepatana, kwamba kiwanja cha baba kitaingia kwenye shamba la Matonya kimyakimya, na kwamba sisi watoto tutakuja kuambiwa mwishoni.

Kwa hiyo nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kulalamika. Aliita watu wachache kwenye baraza ya ofisi, akamwita na Matonya. Nikasimama nikasema yote kwa sauti ya darasani: udongo umebadilishwa, aliyefaidika anajulikana, aliyeonekana akitoka nyumbani anajulikana. Nilimwita mwizi, kaka. Mzee ambaye alilibeba jeneza la baba begani.

Matonya hakupandisha sauti. Alikiri kwamba alifika kwa mama siku ile, alimpelekea maji kama kawaida. Kuhusu mifuko akasema hajaigusa. Mwenyekiti akamuuliza kama anamjua aliyeigusa. Hapo akakaa kimya muda mrefu, na kimya kile mimi nikakihesabu kuwa ni hatia. Mwisho akanigeukia mimi.

"Mwanangu," akasema, "mimi sina neno. Nenda nyumbani ukae na mama yako kutwa moja. Usifue, usipike, usisahihishe madaftari. Kaa tu, umtazame."

Niliona ni ujanja wa kukwepa. Nikarudi nyumbani nimefura. Lakini maneno yale yaliniingia kama mchanga kwenye kiatu, na kesho yake, nadhani kwa ubishi tu, ili nije nimwambie sikuona kitu, nikakaa.

Sijui nilikuwa nikitazama wapi siku zote.

Asubuhi mama alinimiminia chai, na nikaona kidole chake kimeingia ndani ya ukingo wa kikombe, kinasubiri moto wa chai umwambie kikombe kimejaa. Nikaona anapotoka chumbani mkono wake unafuata ukuta, si kwa kuegemea bali kama mtu anayepapasa kitambaa. Nikaona kwenye ungo wake mawe yamebaki na maharage mazuri yametupwa. Nikakumbuka kwamba nilipomletea picha za ubatizo wa mwanao wa mwisho alizishika, akatabasamu, akasema mtoto amefanana na baba, na kwamba ya juu kabisa alikuwa ameishika kichwa chini. Wakati ule nilidhani ni haraka ya furaha.

Mchana alikaa kwenye kigoda mlangoni. Nikavua viatu, nikaenda kusimama mbele yake pale uani, karibu kabisa, jua likinimulika usoni, nami nimenyamaza. Alikuwa ameelekea kwangu. Macho yalikuwa wazi. Akainamisha kichwa kama anayesikiliza pumzi, akauliza:

"Nani hapo?"

Kaka Silvano, mama haoni. Anatofautisha mchana na giza, na kivuli cha mtu akipita, basi. Imekuja kidogokidogo tangu mwaka juzi, na ametuficha sisi sote.

Nilipiga magoti nikamshika mikono. Sikumuuliza habari ya udongo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza. Alisema amekuwa akitaka kuniambia tangu nilipomtaja Matonya, lakini kila jioni alijiambia kesho. Siku ile tuliyoshinda barabarani alisubiri Matonya aondoke, akaiburuta mifuko mmoja mmoja hadi nyuma ya jiko. Aliumwaga ule udongo mtaroni, akachota wa bustanini kwa kipande cha beseni bovu, akajaza, akafunga kamba kwa namna ileile aliyoipapasa. Alikuwa amemsikia Castory akisema kwamba mweusi haufai. Rangi hakuweza kuiona; alichagua kwa kuonja kwa vidole, ule unaonata.

Nikamuuliza kwa nini hakusema tu kwamba hataki kuhama. Hapo akalia, na mama yetu unajua si mtu wa kulia.

"Ningesema sitaki, mngeniuliza kwa nini," akasema. "Ningewaambia kwa nini, mngenichukua. Silvano angenipeleka Tunduma, au wewe ungenipeleka Dodoma, nikae chumbani kwa watu nikingoja kuongozwa chooni. Mwanangu Hana, humu ndani mimi naona. Najua kila ukuta, najua jiwe la mlangoni, najua chungu kilipo. Huko juu mnakotaka kunipeleka, ndiko mtakakonifanya kipofu."

Nilimfuta machozi kwa ncha ya khanga yangu.

Asubuhi yake nilikwenda kumtaka radhi mzee Matonya. Sikumtuma mtu, na sikwenda faragha. Nilimwomba mwenyekiti awaite walewale waliokuwepo, nikaomba radhi mbele yao. Sababu sikuitaja, kwa kuwa siri haikuwa yangu. Lakini mama alikuwa amenifuata. Alikuja peke yake, polepole, akipapasa ua wa michongoma kwa mkono, akasimama katikati ya baraza, akasema mwenyewe: ni yeye aliyebadilisha udongo, na haoni, na Matonya alijua kwamba haoni na aliapishwa asiseme. Hakuna aliyecheka. Matonya alisogea, akamwekea ncha ya fimbo mkononi, wakarudi wote nyumbani, mimi nyuma yao.

Baadaye nilimuuliza mzee kama alijua pia habari ya mifuko. Akasema hakuiona kwa macho, ila alipopita kesho yake alikuta shimo bichi bustanini na udongo mwekundu mtaroni, akaelewa. Nikamuuliza kwa nini alikubali kuitwa mwizi. Akasema kuitwa mwizi na mtoto kutapita. Sikuweza kumtazama usoni.

Nilipeleka salamu kwa Castory, naye hakuona tabu kurudi. Safari hii mashimo yalichimbwa upya, na mifuko ikaondoka siku hiyohiyo ikiwa miguuni mwake ndani ya gari. Majibu niliyapata juzi. Sehemu ya juu, pale ulipotaka nyumba isimame itazame bonde, haifai hata kidogo: chini ya ule udongo mwekundu kuna tabaka lililokwisha kutambaa zamani, na mvua kubwa ikija litatambaa tena. Katikati ni wasiwasi. Chini, karibu na jabali, ni pazuri, pamekaa juu ya mwamba. Lakini ni padogo. Ramani yako haitoshi pale. Sebule yako, korido yako na zile ngazi za mbele, vyote havitoshi. Najua ulivyokesha ukiichora, na nasikitika.

Kuhusu macho, nilimpeleka mama kwenye zahanati. Tabibu amemwandikia aende kwa daktari wa macho. Anasema jicho la kulia ameliona limekwisha, la kushoto lina mtoto wa jicho na huenda likasaidika, ila hawezi kuahidi. Mama amekubali kwenda. Amekataa kungoja jibu la daktari ndipo aamue atakapoishi. Anasema aamue akiwa hivi alivyo, jicho likirudi itakuwa nyongeza.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimelifanya bila kukuuliza.

Jana nilimwita fundi Jordan, nikampandisha mama hadi pale kwenye jabali. Nilikuwa nimemweleza kwamba kule bondeni ukuta wa nyuma utaanguka tu, tupende tusipende, na kwamba sitamburuta popote. Lakini kama angekubali kuhama hatua hizi chache, yeye ndiye atakayesema nyumba iweje. Alikaa juu ya jabali kwa muda akisikiliza. Kisha akavua kandambili, akasimama kwenye ardhi tupu, akamwambia fundi, "Nifuate."

Akaanza kutembea kana kwamba yuko nyumbani. Alinyoosha mkono, akasimama, akasema, "Hapa mlango." Jordan akapiga kigingi. Akageuka kushoto, akaenda, mkono ukakomea hewani mahali ambapo kule chini pana ukuta wa chumba chake, akasema, "Hapa." Kigingi kingine. Akapita jikoni ambako hakuna jiko, akainama chini ya kizingiti ambacho hakipo, kile ambacho baba alikiweka chini mno na sote tumekigonga kwa vichwa. Hapo Jordan akaniangalia mimi. Nikamwambia apige kigingi. Mzee Matonya alikuwa amesimama kando na mbuzi wake, amewazuia wasipite. Mama alipomaliza kuzunguka, alirudi hadi mlangoni, akakaa chini palepale, akageuza uso kule linakochomoza jua, akauliza kama matofali yatafyatuliwa kabla ya mvua.

Nilimwambia ndiyo. Kamba imeshafungwa kwenye vigingi, kaka, na Jumatatu wanaanza kuchimba msingi. Kizingiti nimeomba kipandishwe kidogo, mama amekataa.

Nakuomba usiandike kumgombeza. Ukiweza kuja, njoo, na ukifika uani usisimame kimya. Sema jina lako ukiwa bado mbali.

Mama anakusalimu sana, anamsalimu wifi, na anawabariki wajukuu mmoja mmoja kwa majina yao. Mzee Matonya naye anasema anawasalimu wote hapo Tunduma. Mimi nitarudi Kikuyu mwisho wa wiki hii kama gari litapatikana, na jibu lako nitalingojea huko, liwe tamu au chungu.

Ni mimi mdogo wako,

Hana